Seva Yako Inamjibu Nani?

Kaa mbele ya seva yoyote ya Linux unayoisimamia, fungua terminali, andika ss -ulpn, kisha tafuta mstari wenye :123. Ukiukuta, na pembeni yake kuna jina ntpd, mashine hiyo inasikiliza kwenye poti ambayo kompyuta za dunia nzima huitumia kuulizana saa. Kama haijawekewa vizuizi, itamjibu yeyote anayeweza kuifikia. Sasa jiulize: nani hasa anahitaji kuiuliza? Kwa seva nyingi za shule, zahanati, SACCO na hoteli, jibu ni kwamba hakuna. Seva yenyewe ndiyo inayotaka kuuliza saa kwingine ili saa yake iwe sawa. Hakuna anayeitegemea kwa saa, lakini imekaa mlangoni inamjibu kila mpita njia.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: amua ni mashine gani katika mtandao wako zina ruhusa ya kujibu, zinamjibu nani, halafu zinyamazishe zilizobaki. Fanya hivyo kabla hata hujafikiria toleo jipya la programu. Nitaeleza kwa nini naanza na kunyamazisha, maana najua mafundi wengi wameambiwa kusasisha ndiyo dawa ya kwanza.

NTP, itifaki inayoweka sawa saa za kompyuta, ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na David Mills, ambaye baadaye alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na akafariki Januari 2024. Mwaka 1985 mashine zilizounganishwa zilikuwa chache na wasimamizi wake walifahamiana. Programu kuu ya itifaki hiyo, ntpd, ilikua katika mazingira hayo ya kuaminiana, na ikabeba amri kadhaa za kumsaidia msimamizi kuichunguza akiwa mbali. Mojawapo iliitwa monlist. Ukiituma, seva inakurudishia orodha ya mashine zilizowasiliana nayo karibuni, hadi anwani 600. Haikudai nenosiri. Kwa msimamizi aliyetaka kujua nani anatumia seva yake, ilikuwa amri nzuri sana.

Shida ni kwamba NTP husafiri kwa UDP, na UDP haina salamu. Pakiti inakuja na anwani ya aliyeituma, na seva haina njia ya kuhakikisha kama anwani hiyo ni ya kweli. Mhalifu huandika anwani ya mtu anayetaka kumuumiza, anauliza monlist, na orodha yote inakwenda kwa yule asiyeuliza chochote. Mtu akipiga simu hotelini akaagiza sahani mia mbili za pilau zipelekwe kwa jirani yake, hoteli itapika na kubeba, jirani atazibiwa mlango kwa masufuria, na aliyepiga simu atakuwa ametumia shilingi chache za muda wa maongezi.

Hiyo mia mbili sikuitoa hewani. Ombi la monlist lililopimwa na wahandisi wa Cloudflare lilikuwa na baiti 234. Orodha ikijaa, jibu lake hugawanywa katika pakiti 100, kila moja ikiwa na anwani sita, na jumla yake hupita baiti 48,000. Ni mara 206 ya ulichotuma. US-CERT ya Marekani, kwa njia yake ya kupima, iliandika mara 556.9 katika onyo lake la Januari 2014. Chukua hesabu yoyote kati ya hizo mbili: mtu mwenye laini ya kawaida ya nyumbani anaweza kuziba mtandao wa kampuni kubwa, ilimradi apate seva za kutosha za kumfanyia kazi bila kujua.

Nazo alizipata. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 seva za michezo ya mtandaoni zilizibwa kwa njia hiyo. Februari 2014 mteja mmoja wa Cloudflare alishambuliwa kwa mafuriko yaliyokaribia gigabiti 400 kwa sekunde, kiasi ambacho wakati ule kilikuwa cha kutisha. Zilizotumika zilikuwa seva 4,529 kutoka mitandao 1,298, kwa wastani wa megabiti 87 hivi kila moja. Soma tena hiyo idadi. Hazikuwa mashine za wahalifu. Zilikuwa seva za ofisi, za vyuo, za kampuni za intaneti, zenye wasimamizi kama mimi na wewe, na kila moja ikatoa kiasi ambacho kwa ofisi nyingi za kwetu kinazidi laini nzima waliyolipia. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2013-5211.

Ukitaka kujua kama mashine yako inatumiwa, utaona upakiaji umejaa huku watumiaji wakilalamika kwamba intaneti ni nzito na hakuna anayepakia kitu. Andika tcpdump -ni eth0 udp port 123, ukiweka jina la kiolesura chako badala ya eth0, utazame mistari inavyopita. Mazungumzo ya kawaida ya saa ni mafupi na hayana haraka: mstari mmoja wenye NTPv4, Client, length 48, kisha mwingine wenye NTPv4, Server, length 48, halafu kimya kwa dakika moja au zaidi. Seva inayotumiwa vibaya hukuonyesha kitu tofauti kabisa. Skrini inakimbia, na kila mstari unasomeka NTPv2, Reserved, length 440, zote zikielekea anwani ileile, mara nyingi kwenye poti ya ajabu kama 80. Ukiona 440 hiyo ikijirudia, huna haja ya kutafuta zaidi.

Hapo kuna jambo moja la kuwa nalo makini. Anwani unayoiona ikipokea mafuriko ni ya anayeumizwa. Usiifungie kwa hasira ukadhani umemkamata mhalifu, wala usimwandikie mwenye anwani hiyo barua ya kumlaumu. Yeye ndiye anayepigwa kwa mkono wako. Aliyeghushi anwani humwoni kabisa kwenye mashine yako, na kumtafuta ni kazi ya kampuni za intaneti zikishirikiana. Kazi yako ni kuacha kujibu.

Kwa ntpd, kuacha kujibu kunaandikwa kwenye faili la /etc/ntp.conf. Mistari inayohitajika ni hii:

restrict default kod limited nomodify notrap nopeer noquery
restrict -6 default kod limited nomodify notrap nopeer noquery
restrict 127.0.0.1
restrict ::1

Neno lenye uzito hapo ni noquery. Linazuia amri za uchunguzi kutoka nje, monlist ikiwamo, bila kuzuia huduma ya saa yenyewe. Mistari miwili ya mwisho inakuachia wewe, ukiwa ndani ya mashine, uweze bado kuichunguza. Ule wenye -6 usiuache kwa kudhani hutumii IPv6. Kwenye matoleo ya zamani, mashine iliyofungwa kwa IPv4 pekee hubaki wazi upande wa pili, na siku kampuni yako ya intaneti ikiwasha IPv6 utaambiwa na watu wa nje.

Kuna mitego miwili ambayo miongozo mingi huipita. Wa kwanza: watu hushauriwa waandike disable monitor na wakaishia hapo. Lakini kama faili lako lina neno limited, ufuatiliaji hauzimiki, kwa sababu limited yenyewe inauhitaji. Ndiyo maana nasisitiza noquery. Wa pili: ukitumia mistari inayoanza na neno pool kuchukua saa kwenye pool.ntp.org, lile neno nopeer litawakataa wale wale unaowaomba saa. Ongeza restrict source nomodify notrap noquery, anzisha huduma upya, halafu andika ntpq -pn uone kama kuna anwani yenye nyota mbele yake. Nyota ndiyo alama kwamba saa inachukuliwa. Fundi anayefunga na kuondoka bila kuangalia nyota amebadilisha tatizo moja kwa jingine ambalo litachukua miezi kuonekana.

Halafu jaribu kutoka nje, kwenye mtandao mwingine kabisa, hata kwa laini ya simu: ntpdc -n -c monlist na anwani ya seva yako. Jibu zuri ni kusubiri hadi muda uishe. Jaribu seva zako tu.

Sasa nirudi kwenye ahadi yangu kuhusu kunyamazisha kabla ya kusasisha. Amri ya monlist ilikuwa imeshaondolewa kwenye matoleo ya majaribio ya ntpd tangu 2010. Waliobaki kwenye matoleo ya kawaida waliendelea nayo hadi toleo la 4.2.8 lilipotoka Desemba 2014. Aliyekuwa akisasisha kwa uaminifu kila mwezi kutoka hazina ya mfumo wake bado alikuwa na ntpd iliyobeba monlist, na kilichomlinda kilikuwa vizuizi tu.

Na mwezi huohuo wa Desemba 2014 likaja kubwa zaidi. Neel Mehta na Stephen Roettger wa kikosi cha usalama cha Google waligundua kwamba katika ntpd kulikuwa na sehemu tatu ambazo pakiti iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kufurika nje ya kumbukumbu iliyotengewa, na mtu wa mbali akaendesha programu yake ndani ya seva kwa mamlaka ya ntpd. Hiyo ndiyo CVE-2014-9295. Apple waliiona nzito kiasi cha kusukuma sasisho moja kwa moja kwenye kompyuta za Mac bila kumsubiri mwenyewe akubali, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kabla ya hapo. Lakini tazama zile sehemu tatu. Mbili zilifikiwa kwa njia ya amri za uchunguzi, zilezile ambazo noquery inazikataa. Ya tatu ilihitaji uwe umewasha Autokey, ambayo wachache waliitumia. Kwa hiyo yule aliyefunga mlango mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya monlist alikuta ameshajikinga na tatizo ambalo halikuwa na jina bado. Kusasisha hutibu udhaifu unaojulikana. Seva isiyomjibu asiyeihusu inapunguza hata ule ambao haujagunduliwa. Sisemi usisasishe, sasisha, tena mara kwa mara. Nasema tu usilale kwa sababu umesasisha.

Wengi wakisikia habari hizi hukimbilia ruta na kufunga poti 123 pande zote. Baada ya wiki kadhaa saa za seva zimeachana, na hakuna anayekumbuka kilichofanyika. Sababu ni kwamba ntpd huuliza ikitokea poti 123 na jibu hurudi palepale poti 123. Faiawoli isiyokumbuka nani alianza mazungumzo haiwezi kutofautisha jibu uliloliomba na swali la mgeni, itatupa yote mawili. Tumia sheria inayokumbuka miunganisho: ruhusu majibu ya maombi yaliyotoka ndani, kataa maombi mapya kutoka nje. Kwenye ruta za MikroTik kosa ninalolikuta sana ni sheria kuwekwa kwenye mnyororo wa input peke yake. Hapo umeilinda ruta. Seva na kamera zilizo nyuma yake, kama zina anwani za umma au umezifungulia poti, zinapita kwenye forward, na huko hakuna sheria.

Kama unaendesha kampuni ya intaneti, hata ndogo ya mtaa, una wajibu mwingine ambao mteja hawezi kukufanyia: usiruhusu pakiti itoke kwenye mtandao wako ikiwa na anwani isiyo yako. Ushauri huo umeandikwa tangu 2000 kwa jina BCP 38. Bila kughushi anwani, mchezo wote wa monlist unakufa. Ruta nyingi zina swichi ya kufanya hivyo na ni kazi ya dakika chache, ila faida yake anaipata mtu wa mbali, ndiyo maana imeachwa na wengi kwa miaka yote hii.

Kwa mashine mpya, kusema kweli, sioni sababu ya kuanza na ntpd. Chrony, ambayo Red Hat waliifanya chaguo la kawaida kuanzia toleo la 7 mwaka 2014, haifungui poti 123 hadi uandike mwenyewe mstari wa allow ukitaja nani anaruhusiwa. Pia huuliza ikitokea poti ya kubahatisha, kwa hiyo ule mkanganyiko wa faiawoli haupo. Utaiona ikisikiliza poti 323 kwenye 127.0.0.1, usishtuke, hiyo ni ya amri zake za ndani. Debian nao, kuanzia toleo la 12, waliiacha ntpd ya zamani wakachukua NTPsec, tawi lililopunguzwa msimbo mwingi. Na kama seva yako inahitaji tu kujua saa, systemd-timesyncd iliyokuja na mfumo haiwezi kumjibu mtu hata akitaka. Kasoro yake ni kwamba hufuata chanzo kimoja kwa wakati mmoja, bila cha kukilinganisha nacho.

Na vyanzo vina umuhimu wake, maana upande wa pili wa suala hili ni: unamuuliza nani? Tarehe 19 Novemba 2012 seva za saa za jeshi la wanamaji la Marekani, zinazoaminika kuliko karibu zote, zilitangaza kwa muda kwamba ni mwaka 2000. Mitandao iliyozitegemea zenyewe tu ilirudi nyuma miaka kumi na miwili. Weka vyanzo vinne au zaidi, vya wamiliki tofauti, ili anayepotoka azidiwe kura. Kwetu unaweza kuanza na ke.pool.ntp.org au tz.pool.ntp.org, ila seva za Afrika katika mkusanyiko huo ni chache, kwa hiyo changanya na africa.pool.ntp.org na za Ulaya.

Saa ikipotoshwa kwa makusudi, madhara ni mengi kuliko kuchelewa kikao. Vyeti vya tovuti vilivyokwisha muda vinaonekana halali tena. Kerberos, inayotumika kwenye mitandao ya Windows, kwa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika 5, na ofisi nzima inashindwa kuingia. Zile namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye simu zinakataliwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walionyesha kwamba mtu asiyekaa hata katikati ya mawasiliano angeweza kutuma ujumbe bandia wa kuiambia ntpd iache kuuliza saa, nayo ikatii. Kwa kawaida ntpd hukataa kuruka zaidi ya sekunde 1,000, lakini mifumo mingi huianzisha na chaguo la -g linaloiruhusu kuruka kiasi chochote inapoamka. Kwa kazi hiyohiyo, Chrony ina makestep. Iandike makestep 1.0 3, iruke kwenye vipimo vitatu vya kwanza tu.

Kinga yenyewe ni NTS, iliyochapishwa mwaka 2020, ambayo huweka sahihi ya kihisabati kwenye kila jibu. Chrony inaielewa kuanzia toleo la 4.0; unaongeza neno nts mwishoni mwa mstari wa server, kwa mfano server time.cloudflare.com iburst nts. Ikikataa kufanya kazi bila sababu, shuku njia. Baada ya mashambulio ya 2014 baadhi ya kampuni za intaneti ziliamua kutupa au kubana pakiti za NTP zilizo ndefu kuliko kawaida, na pakiti za NTS ni ndefu. Waandikie uwaeleze.

Kwa mtandao wa ofisi, mpangilio ninaoupendekeza ni seva tatu za ndani zinazouliza saa nje, na mashine nyingine zote kuuliza hizo tatu. Tatu, kwa sababu mbili zikitofautiana hakuna wa kuamua. Kwenye chrony za hizo tatu andika allow na masafa ya anwani zako za ndani, mfano allow 192.168.10.0/24, basi. Kisha angalia ukanda wa saa wa kila mashine. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zipo saa tatu mbele ya UTC, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi saa mbili. Fundi akikuta saa ya ukutani haiendani na skrini akaisogeza saa yenyewe badala ya kurekebisha ukanda kwa timedatectl set-timezone, ameipotosha mashine kwa saa nzima nzima, na huduma ya saa itapigana naye hadi mmoja achoke.

Kamera za CCTV na rekoda zake ndizo za mwisho, na ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko seva. Nyingi zina programu ya saa iliyojengwa ndani, haijulikani ni toleo gani, na mtengenezaji hajatoa sasisho tangu ziuzwe. Huwezi kuhariri faili lake la mipangilio. Zitengee VLAN yao, zielekeze kwenye seva zako tatu za ndani kwa ajili ya saa, na kwenye faiawoli zizuie kufika intaneti na kufikiwa kutoka huko. Mwenye nyumba au meneja akitaka kutazama kamera akiwa safarini, apite kwenye VPN, usimfungulie poti.